Mikono ya Dagaa

Mimi ni mtu wa kinyongo. Wapo wanaosamehe kabla jua halijazama, na kanisani tunahimizwa tuwe kama wao, lakini mtu akimkosea mama yangu mimi kinyongo nakifuga. Nakipa majani, nakipa maji, kinanenepa. Kilichonenepa kuliko vyote nilimfugia mwenye duka moja la vitenge hapa Mwanza mjini, na nilianza kukifuga ule mwaka wa korona.

Mama anauza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba. Ameuza tangu sijazaliwa. Siku sita za wiki anashinda ameinama juu ya magunia, na katika umri wangu wote sijamwona akijipa starehe zaidi ya moja. Jumamosi mchana alikuwa anafunga biashara mapema, anarudi nyumbani Igogo, anaoga, anavaa kitenge chake cha kutokea, kisha mimi na yeye tunakwenda mjini kuangalia maduka. Hata nilipohamia Buswelu na kuwa na nyumba yangu, Jumamosi ilibaki yake.

Nasema kuangalia. Kununua kulikuwa na siku zake, na hazikuwa nyingi. Tulianzia kwenye maduka ya vyombo, mama anafungua chupa za chai moja moja na kuzifunga, anagonga vikombe kwa ukucha na kusikiliza vinavyolia. Tunapita kwenye mabegi. Mama hajawahi kusafiri mbali zaidi ya Geita, lakini zipu za mabegi alizijua zote, ipi inateleza na ipi itakuaibisha stendi. Tunaingia kwenye viatu, tunatoka. Hatukuwa na haraka, na wala hatukuona aibu.

Duka la vitenge tuliliweka mwisho, kama nyama kwenye sahani ya ugali. Mwenye duka wakati huo alikuwa mzee mmoja mtaratibu ambaye akimwona mama tu alianza kushusha majora. Mama alifikicha ukingo wa kitambaa kati ya vidole viwili asikie kama ni uzi au ni wanga mtupu. Kisha alilowesha kidole kwa ulimi, akakikandamiza kwenye kona isiyoonekana, akakitazama kidole kama kimeshika rangi. Kitambaa kikifaulu alinipa nami nishike. Mwisho wa yote alisema, "Haya baba, leo nilikuwa naangalia tu." Na yule mzee, ambaye alikuwa amekwisha kukunjua nusu ya duka, alijibu kila mara, "Kuangalia bure, mama. Karibu tena." Tulirudi nyumbani tumeshiba na hatujala kitu.

Korona ilipoingia, kila mlango ukawekwa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Mbele ya maduka wakachora duara za chaki tusimame humo kama watoto wa mchezo. Tukajifunga barakoa, nyingine zimeshonwa kwa mabaki ya vitenge vilevile tulivyokatazwa kushika. Sikupenda, ila nilielewa. Watu walikuwa wanakufa na tulikuwa tunazika. Na yale mate ya mama kwenye kitambaa cha watu, ukiyafikiria vizuri, hata mimi mwanawe nisingeyatetea.

Yule mzee miguu ilikuwa imemchosha, duka akamwachia mwanawe. Huyu kijana wa kiume, mwenye mashati meupe ya kupigwa pasi, alifunga kamba ya manila kutoka upande mmoja wa mlango hadi mwingine, akaweka meza nyuma yake. Unanawa, unasimama kwenye duara, unanyoosha kidole, yeye analeta jora na kulishikilia mbali. Hata hilo nisingelilalamikia, kama kamba ingekuwa kamba kwa watu wote. Lakini tukiwa kwenye foleni lilisimama gari, akashuka mama mmoja mwenye mkoba mzuri, na kamba ikainuliwa. Kijana aliiinua mwenyewe kwa mkono wake. Yule mama akaingia, akashika, akafikicha, akajifunga kitenge kiunoni, akajitazama kwenye kioo.

Mama yangu ni mtu wa kuelewa mambo haraka. Akaona kumbe inawezekana. Akanawa, akasogea hadi kwenye kamba, akasema kwa adabu, "Baba, nami naomba niingie nishike kile cha kijani."

Kijana hakumwamkia. Alisema, "Nawa kwanza."

"Nimenawa, baba."

"Nawa tena."

Mama akarudi kwenye ndoo, akanawa hadi kwenye viwiko, povu likamtiririka. Aliporudi, yule kijana aliinama juu ya kamba, akashusha barakoa yake kidogo, akanusa. Nakumbuka hilo kuliko yote, kwamba aliishusha ile barakoa, yeye mwenye kuogopa ugonjwa.

"Hii mikono ya dagaa haitakati," akasema, kwa sauti ya kusikika foleni nzima. "Wewe mama, onyesha kwa kidole tu. Usiniguse vitambaa."

Watu wakacheka. Si wote, ila waliocheka walitosha. Mama hakuonyesha kitu. Aliingiza mikono yake ndani ya mikunjo ya kitenge alichovaa, akageuka, na tukatembea hadi Igogo akiwa ameificha humo. Nilitaka kurudi nikaikate ile kamba kwa meno. Mama akaniambia nipunguze mwendo.

Jumamosi iliyofuata alisema amechoka. Iliyofuata pia. Baadaye hakusema kitu, alikaa tu kibarazani na nguo za kazini, nami nikakaa naye.

Ugonjwa ukapoa. Chaki zikafutika kwa mvua, ndoo nyingi zikarudi jikoni. Kamba ya yule kijana ikabaki. Alikuwa amegundua faida yake: inazuia watu kama sisi, wanaokunjuliwa majora na kuondoka mikono mitupu. Ukitaka kuona mzigo mpya, alisema, angalia picha kwenye simu. Nikamnunulia mama kitenge kizuri duka jingine, nikampelekea. Akanishukuru, akakiweka sandukuni. "Sikukichagua," alisema. Hapo nikajua yule mtu alikuwa amemnyang'anya nini.

Basi nikaanza kazi. Wanaonijua wanajua kwamba kila kamati ya harusi inayoniweka kwenye upande wa sare hunisikia nikisema, "Popote, ila si pale." Nimehamisha sare za kwaya. Nimehamisha sare za kipaimara, za vikoba, hata za msiba, nikiwa nalia na bado naelekeza watu duka jingine. Nilipita mbele ya duka lake nikiwa nimekumbatia mafurushi niliyonunua kwa jirani yake, nikatembea polepole. Mtoto mdogo asingefanya hivyo, lakini mimi nilifanya na niliburudika. Ila mama hakurudi mjini, na kwa hiyo nilikuwa sijalipiza kitu.

Kisha, mwaka juzi, akaja mwenyewe Mwaloni.

Ilikuwa kipindi cha mbalamwezi. Mwezi ukiwaka ziwani taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na sokoni wanabaki dagaa wa zamani au wale walioanikwa kwenye mchanga. Mama alikuwa na magunia kadhaa ya wale walioanikwa juu ya chanja, safi kabisa. Mimi nilikuwa likizo, namsaidia. Nikaona shati jeupe linapita kati ya mabanda, likiuliza hapa, likitema pale. Kumbe biashara ya vitenge ilikuwa imelegea, naye alikuwa ameanza kupeleka dagaa Dodoma. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa na mchanga, wateja wakamrudishia. Sasa alikuwa ameahidi mwingine na hana pa kuupata.

Lazima nieleze jambo moja. Dagaa hawanunuliwi kwa macho. Mnunuzi anachota konzi, anafikicha, ananusa, anatia mmoja mdomoni na kutafuna asikie kama kuna mchanga. Hivyo ndivyo inavyofanyika Mwaloni tangu zamani na hakuna muuzaji anayekasirika. Yule kijana hakututambua, maana siku ile tulikuwa na barakoa, na nadhani hata bila barakoa asingetukumbuka. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye gunia.

Nikavuta kamba ya kufungia mizigo, nikaipitisha mbele yake, nikaifunga kwenye nguzo.

"Kushika hairuhusiwi," nikasema. "Onyesha kwa kidole."

Akacheka. "Dada, acha utani. Nitanunuaje dagaa bila kuwashika?"

"Na kitenge kinanunuliwaje?" akauliza mama.

Alimtazama mama, akaitazama kamba, kisha akaitazama mikono ya mama. Nilimwona anavyokumbuka. Uso wake ulishuka polepole, nami nilisimama pale nikiufaidi.

"Mama," akasema, "shikamoo."

Mama aliiacha ile shikamoo ikae hewani kidogo. "Marahaba," akasema. "Unataka kushika?"

"Ndiyo, mama. Nina shida kweli."

"Na mimi nilitaka kushika." Alisema taratibu tu, kama anayetaja bei. "Jumamosi nitakuja dukani kwako. Nikimaliza kushika vyako, Jumatatu njoo ushike vyangu."

Jumamosi nilifika Igogo nikamkuta mama ameshaoga. Amevaa kitenge cha kutokea, na kilikuwa kimembana kidogo kwa jinsi kilivyokaa miaka sandukuni. Njiani nilimwambia, "Usimhurumie."

Kamba haikuwepo mlangoni. Kulikuwa na kiti, na kijana alitupokea kwa mikono miwili, shikamoo mama, karibu mama, akamtuma mtu kuleta soda baridi. Mama akakaa. Akaomba kile cha kijani, ingawa kile cha zamani kilishauzwa na kusahauliwa, basi akashushiwa vya kijani vyote vilivyokuwepo. Kisha vya bluu. Kisha vya maua makubwa. Alifikicha ukingo wa kila kimoja. Na alipotaka kujaribu rangi, alipitisha kidole kwenye unyevu wa chupa ya soda badala ya ulimi, akakandamiza kona, akatazama. Vilivyofaulu alinipa nami nishike. Wateja waliingia na kutoka, kijana anakunjua, jasho limeshika shati, na mama hakuharakisha hata kidogo. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu korona.

Mwishowe akasimama. "Haya baba. Leo nilikuwa naangalia tu."

Kijana akayatazama majora yaliyokunjuliwa. "Karibu tena, mama," akasema.

Nje nilimgeukia kwa ukali. Yaani soda moja, kiti kimoja, na amemsamehe! Nikamwambia angalau Jumatatu ampandishie bei, ampe wale wenye mchanga wa banda la jirani, amfanye chochote. Mama alisema soda ilikuwa baridi vizuri, na kwamba kile cha maua ya zambarau kilitoa rangi. Nilirudi Buswelu na kinyongo changu chote, nikiona kwamba nimeachwa peke yangu kukilisha.

Jumatatu nilikwenda Mwaloni asubuhi, hasa kwa kumkasirikia. Yeye alishafika, yule kijana, na shati jeupe jingine. Magunia yalikuwa yamepangwa wazi, hakuna kamba. "Shika, baba," mama akamwambia. "Usiogope."

Akachota konzi. Akafikicha, akanusa. Akatia mmoja mdomoni, akatafuna na macho amefumba, kisha mwingine kutoka gunia la pili, na la tatu, mkono umezama hadi kwenye kiwiko. Akatabasamu kama mtu aliyepona. "Hawa ndio wenyewe, mama. Hawana mchanga hata chembe. Nachukua wote."

"Wameshauzwa," mama akasema.

"Wameuzwaje?"

"Alfajiri ya leo, kwa mama mmoja wa Shinyanga. Wapakizi wake wale kule wanakuja."

Na kweli walikuwa wanakuja, na toroli yao. Kijana aliwatazama, akamtazama mama, mdomo wazi. "Sasa mama, mbona umeniacha nishike?"

"Si ulitaka kuangalia, baba? Kuangalia bure. Baba yako ndiye aliyenifundisha."

Aliduwaa, ameushikilia mkono mbali na lile shati jeupe, unga wa dagaa unang'aa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Alitafuta pa kuufuta na hakupaona. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejiandalia kicheko miaka mingapi, na kumbe hakikuhitajika.

Mama alielekeza kwa kidevu kwenye nguzo ya banda, ambako mpaka leo ameweka ndoo ya koki kwa ajili ya wateja. Yule kijana akaenda, akafungua maji, akasugua kwa sabuni. Akainua vidole puani, akanusa.

"Nawa tena," mama akamwambia.

Akanawa tena, hadi kwenye viwiko. Wapakizi walikuwa wanapita na magunia, naye akawapisha, mikono inachuruzika, akiinusa.