Chapati Chachu za Wimbi

Sioni aibu kusema kwamba ngano ilinikataa tangu utotoni. Nikila chapati nyeupe, tumbo lilifura kama ngoma na siku nzima niliimaliza chooni. Ndiyo maana Mama, pale kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru, alinipikia zangu. Alikoroga unga wa wimbi na maji vuguvugu, akauacha chunguni siku mbili mpaka ukachacha na kutoa povu. Kila mara alibakiza kidogo cha kuchachusha unga mwingine.

Harufu ya chungu hicho ilitujazia mlango watu. Jumamosi moja jirani yetu, mama wa kanisa, alikuja na askari. Alikuwa amemwambia kwamba Mama anapika busaa, pombe ya nafaka iliyopigwa marufuku.

"Mwaga hiyo pombe," askari akaamuru.

"Simwagi. Hicho ni chakula cha mtoto wangu. Keti uone."

Mama akawasha jiko, akabandika kikaango, akamimina ule unga na kuutandaza kwa mgongo wa kijiko. Ukatoboka vitundu juu, akaugeuza. Askari alikula ya kwanza, akala ya pili, akauliza kama kuna chai. Jirani alibaki amesimama mlangoni, macho chini.

Mama akamwekea ya tatu kwenye sahani.

"Nawe kula, dada yangu. Ukilewa, nitakubeba mgongoni mpaka kanisani."