Maji Yaliyochelewa Mutwanga

Mkono wangu wa kuume ukiutazama leo utasema hauna kitu. Ngoja mvua inyeshe milimani, halafu njoo tuamkiane. Mimi si mtu wa kutunga. Nimesomea maji, yale yanayopita juu ya ardhi na yale yanayopita chini yake, na ubishi nimezaliwa nao. Mama yangu pale Vulamba anasema ningebishana hata na padri kwenye kitubio. Kwa hiyo nikikuambia jambo hili lilinipata, niamini, maana mtu wa kwanza kulikataa nilikuwa mimi mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ile Beni na Butembo zilipokuwa na wakubwa wake na Kinshasa ikawa jina tu la kwenye redio. Watu waliokimbia vijiji vya juu walijazana kwenye kambi karibu na Mutwanga, chini ya Rwenzori. Watoto walikuwa wanaharisha, na wengine walikuwa wameshazikwa. Palikuwa na chemchemi mbili. Ya chini ilikuwa mlangoni pa kambi. Ya ng'ambo ilikuwa juu ya kilima ambacho ukikipanda magoti yanalalamika. Simenti iliyopatikana ilitosha kujengea moja tu, na mimi nililetwa niseme ipi.

Juu ya kambi kuna kijito kinachopita katikati ya kijiji kilichochomwa, kisha kinazama chini ya mawe makubwa na kupotea. Kinatokea wapi? Hilo ndilo lilikuwa swali lote. Kama kilitokea kwenye chemchemi ya chini, basi watoto walikuwa wanakunywa uchafu wa kule juu. Kwa kazi kama hiyo tunatumia unga fulani mwekundu, hauna sumu, ambao ukiingia majini unayageuza kijani kama jani changa la mgomba. Unaumwaga pale maji yanapozama, unakaa pale unapodhani yatatokea, unangoja.

Na kuna sheria moja, ishike vizuri: anayegusa unga hakaribii chemchemi. Chembe iliyobaki kwenye ukucha inatosha kukudanganya. Ndiyo maana kopo la unga lilisafiri kutoka Butembo kwenye mfuko wa Kambale, msaidizi wangu, kwa pikipiki yake, na mimi nikaja na lori la simenti. Yeye akamwaga, akabaki juu. Mimi nikabaki chini na mikono yangu safi.

Kwa mteremko ule maji hayakuwa na sababu ya kuchelewa. Lakini siku zilipita, na chemchemi zote mbili ziliendelea kutoa maji maangavu kama kawaida. Papa Paluku, mkubwa wa kambi, mtu mpole aliyekuwa amemzika mjukuu wake, akaja kuniuliza.

"Mama Ingénieur, simenti iko hapa, batu bako na kiu. Tunangojea nini tena?"

Dereva wa lori naye alitaka kurudi Beni kabla njia haijafungwa. Nikasema basi, kijito kile kitakuwa kinaenda zake kwingine, kesho tujenge ya chini, iliyo karibu.

Alasiri ile ile ukungu ukashuka. Ukungu wa Rwenzori hauna haraka. Unachukua miti, halafu migomba, halafu unachukua sauti. Kelele za kambi zikafifia mpaka nikabaki nasikia maji tu. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya chemchemi ya chini. Sikulala, naomba uelewe hilo, ingawa mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kwenye homa.

Mwanamke akatokea, si kwa upande wa kambi, kwa upande wa mawe. Nguo zake zilikuwa zimelowa zikamganda mwilini, lakini hapakuwa na tone lililoanguka chini. Hilo nililifikiria baadaye. Akaniamkia kwa Kinande, "Wasibire," akanyoosha mkono. Kwetu watu wanaamkiana kwa mkono, utamnyima nani? Mkono wake ulikuwa baridi, na ulikawia ndani ya wangu.

Nikamwuliza ametoka kuchota wapi.

"Ile maji unangojea iko inakuya," akasema taratibu. "Inachelewa sababu ya sisi. Tulijificha mule mu mawe, bunduki ikakuwa inalia, hatukutoka tena."

Nikamwambia sielewi, sisi ni nani? Akageukia kambi, ingawa kambi haikuonekana.

"Musiache batoto batunywe, mama."

Niliogopa? Hapana, na mpaka leo najishangaa. Nilihisi huzuni tu, huzuni tulivu, na hamu ya kumfunika kwa kitenge changu. Nikainama kukifungua kiunoni. Nilipoinuka palikuwa na ukungu, na kiganja changu cha kuume kilikuwa kijani.

Nilikinawa kwenye beseni mbele ya Papa Paluku, na maji ya beseni yakawa kijani. Akatikisa kichwa.

"Uligusa poudre, ule unga, mama. Njo ile tu, hakuna ingine."

Nikamwambia sijawahi hata kulifungua kopo, wala Kambale hajashuka. Nikamweleza na habari ya mwanamke, yote, huku najisikia mjinga. Dereva akacheka. Basi nikaenda nikaketi juu ya mifuko ya simenti, nikasema atakayeitaka aninyanyue kwanza. Mimi mnene, hawakujaribu. Niliwaomba asubuhi moja tu. Maji yasipogeuka, wajenge watakapo, na mawe nitawabebea mwenyewe.

Asubuhi chemchemi ya chini ilikuwa kijani tupu. Watoto walishangilia, wakidhani ni mchezo tumewaletea. Papa Paluku hakushangilia. Alivua kofia, halafu akaita wanaume.

Walipanda, wakasaidiana na Kambale kusogeza mawe. Waliwakuta ndani, wamebanana pale kijito kinapopita, na maji yamejaa nyuma yao yakitafuta njia. Walikuwa wengi, naomba usiniulize zaidi. Padri alikuja tukawazika, na kitenge changu kikapata wa kumfunika. Tukajenga ile ya ng'ambo. Watu walinilaani kwa sababu ya kilima, lakini watoto wakaacha kufa.

Rangi ile kwa kawaida hutoka baada ya kunawa mara chache. Yangu ilitoka. Ila mvua kubwa ikinyesha Rwenzori, hata nikiwa Butembo nimelala kwangu, naamka na kiganja kijani. Mume wangu alishanunua kila aina ya sabuni, sasa amezoea.

Wewe unayesikia, kama kazi yako ni maji, au hata kama ni kuyanywa tu: yakichelewa, usiseme hayaji. Panda ukatazame ni nani yuko njiani. Na mtu akikutokea kwenye ukungu kando ya chemchemi, mpe mkono kabla hujauliza lolote. Mimi ningemnyima mkono yule mwanamke siku ile, watoto wangeendelea kumnywa.