Springi Ina Mtu Wake

Mwanangu, haijanitoka moyoni siku ile niliyopandishwa kwenye mizani ya viazi, soko la Mwanakwerekwe, watu wakinitazama na shangazi yangu akiutangaza uzito wangu kama mtu anayenadi. Leo umenijia na picha ya baskeli ya springi mbele na nyuma, macho yanakuwaka, unaniuliza, "Baba, hii waionaje?" Nami moyo unanidunda utadhani mimi ndiye ninayekwenda kununua. Kaa hapa nikupe kisa chote, maana nikikupa jibu tupu utalisahau kabla hujafika madukani Darajani.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha. Mimi kijana, mwembamba, na sikuwa na nikipendacho kuliko kushuka kilima cha Masingini kwa baskeli. Wenzangu wengi na mpira wao, mie na kilima changu. Unapanda kwa taabu, jasho linakutiririka, saa nyingine baskeli iko begani. Ukifika juu unapumua kidogo, kisha unajiachia kwenye kinjia kinachopita katikati ya mikarafuu mpaka karibu na Bububu. Mizizi, mawe, mitaro iliyochimbwa na mvua, kona ambayo huioni mpaka uko ndani yake. Roho iko juu juu na wewe unacheka peke yako. Hata sasa nikihadithia, miguu yangu inatafuta pedeli.

Baskeli yangu wakati ule ilikuwa nyeusi, ya chuma, ya kupelekea mikate, wala haikutengenezwa kwa mambo yale. Shangazi yangu Bi Zuwena, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazee wangu kufariki. Alinikanya. Mimi nikamwitikia "naam", na kesho yake nikapanda kilima. Katikati ya njia pana jiwe kubwa lililokatika mithili ya kidato cha ngazi, na sisi vijana tukipaita Kidatoni. Hapo baskeli ilinitupa. Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilisalimika, nilivunjika mtulinga, mfupa huu wa juu ya kifua unaoshika bega. Shangazi aliniuguza, akanilisha uji kwa mkono wake, na mfupa ulipounga akaniambia, "Nakupa nafasi moja tu. Ukianguka tena, baskeli basi. Niapie." Nikamwapia. Na mimi, mwanangu, ningeambiwa niache wali ningevumilia, lakini si kuacha kushuka Masingini.

Haukupita muda, dukani kwa Bwana Kanti, Mji Mkongwe, zikaja baskeli mbili kutoka Ulaya, zimetumika lakini nzima, springi mbele, springi nyuma. Bwana Kanti alikuwa Mhindi mpole, muuza baskeli mtoto wa muuza baskeli, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chako wewe unayechanganya changanya. Baskeli moja ilikuwa ya kijani, ndogo kidogo. Ya pili nyekundu, ndefu, springi yake ya nyuma nene ajabu. Nilipoiona ile nyekundu nilisahau hata kumwamkia mwenye duka. Nikalibonyeza tandiko kwa kiganja, kama mtu anayechagua godoro, nikaona springi ngumu, haibonyei, nikasema hii ndiyo, hii ya kiume.

"Bwana Kanti, kipendacho moyo dawa," nikamwambia.

Akacheka. "Na dawa ina kipimo chake, bwana mdogo. Nenda kamlete mkubwa wako."

Nikenda mbio Mwanakwerekwe. Shangazi akiuza pale muhogo na viazi vitamu, alivyokuwa akivifuata mwenyewe mashamba kwa lori.

"Shikamoo Shangazi. Nshapata baskeli."

"Marahaba. Ina springi?"

"Mbele na nyuma."

"Na wewe una uzito gani?"

Nani anajua uzito wake? Akanitazama kwa jicho lile la kumtazamia mteja anayebonyeza viazi bila ya kununua. "Mtu hajui uzito wake, anakwenda kununua springi. Hebu panda hapo."

Nikakataa, nikasema mtu hapimwi na viazi, nikamtaja na hasidi atakayenitia jicho. Wapi. Nikapanda kwenye mizani. Akasogeza sogeza chuma chake, akatazama, kisha akawageukia wachuuzi wenzake: "Jamani, mtoto wangu huyu hata gunia la muhogo hajalifikia." Soko likaangua kicheko, na wallahi mimi pia nilicheka, ingawa nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akaniweka kando, akasema nami kwa upole. "Mimi na lori tunajuana. Likenda shamba tupu, springi zake zinaturusha mpaka vichwa vinagonga paa. Likirudi limesheheni, limetulia, nami nnasinzia. Lori lile lile, njia ile ile. Springi ina mtu wake, mwanangu. Isipokujua, itakutupa."

Tukenda dukani pamoja. Nyuma yetu akaja rafiki yangu Mbarouk, pande la mtu, niliyekuwa nikishuka naye kilima kila tulipopata nafasi. Shangazi akamwambia Bwana Kanti aishike ile nyekundu isianguke, mimi nikae juu, miguu yote miwili kwenye pedeli. Akainama na buibui lake, akaitazama springi ya nyuma.

"Imeshuka?"

"Haikushuka, Bi Zuwena," Bwana Kanti akajibu. "Haina habari kama kuna mtu."

Nikajirusha rusha kwenye tandiko, ikanirudisha juu kama niliyeiudhi. Na niliposhuka nikasimama nayo katikati ya miguu, fremu ikanigusa pahala nisipoweza kukutajia, na Shangazi akaona bora atazame barabarani. Nikapanda ya kijani. Ikashuka kidogo, ikatulia. Bwana Kanti akatueleza kwamba hivyo ndivyo: springi ikikaliwa ishuke kiasi, ibakishe nafasi kubwa ya kumeza jiwe. Isiposhuka kabisa ni ngumu kwako, na ikishuka mpaka mwisho ni laini kwako, jiwe la kwanza tu utagonga chini.

Nilinuna. Nyekundu, mwanangu, ilikuwa nyekundu kweli. Shangazi akanambia, "Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wewe kidonda kimoja kinakutosha." Mbarouk akaomba aijaribu yeye. Akakaa, ikashuka sawasawa, akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Basi ikawa yake, na mimi nikatoka na ya kijani.

Asubuhi ya kwenda Masingini Shangazi alisema anakuja. Sikutaka, lakini ungemkatalia vipi? Alisimama chini kidogo ya Kidatoni, kanga imemziba mdomo. Mimi juu kilimani nikateremsha tandiko, nikapunguza upepo kidogo kwenye matairi, nikabana breki mara mbili tatu, nikapiga bismillahi. Nilijua nikianguka leo ndio mwisho.

Nikajiachia. Ee mwanangu. Mizizi ile iliyokuwa ikinigonganisha meno sasa nilikuwa naisikia tu inapita. Baskeli ilikuwa chini yangu inapumua, inashuka, inapanda, na mimi juu yake nimetulia naitazama njia. Kona ya kwanza nikaikata, ya pili nikaikata, mtaro nikauruka, harufu ya karafuu imenijaa puani, upepo unanitoa machozi. Kisha nikaliona jiwe. Nikanyanyuka kwenye tandiko, nikarudisha kiwiliwili nyuma, vidole kwenye breki bila ya kuikaba. Gurudumu la mbele likadondoka, springi ikameza, la nyuma likafuata, springi ikameza, na mimi bado niko juu. Nilipiga ukelele nadhani Bububu yote ilisikia.

Nikageuza, nikamwendea Shangazi. Amesimama vile vile, mkono kifuani. Nikaogopa amebadili shauri.

"Shangazi, umeona?"

Akashusha pumzi. "Sikuona. Nilifumba macho." Kisha akanisukuma begani. "Rudi juu ushuke tena. Mara hii natazama."

Basi, mwanangu, baskeli ya pichani nzuri, sikufichi, lakini picha haikaliwi. Nenda ukaikalie yenyewe. Simama nayo, fremu isikuguse. Panda, mwenzio aitazame springi inashuka kiasi gani, mbele na nyuma, na uulize kama ugumu wake unabadilishika. Breki zikutii kwa vidole viwili, tairi ziwe pana na zenye meno. Rangi iache mwisho, na ukipata nyekundu inayokufaa ichukue, mimi sina ugomvi na nyekundu. Na hili si la baskeli peke yake. Watu watakusifia kazi, nyumba, hata mchumba, na wao wanasema kwa uzito wao, si kwa wako. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Jijue wewe kwanza, utajua nini kitakubeba. Na mkubwa wako akikukanya kwa hofu, usimkimbie kama nilivyokimbia mie. Mchukue, mpeleke njiani akaone.

Mola akupe pumzi za kupanda na utulivu wa kushuka, akuhifadhie mifupa yako yote, na akujaalie daima mtu mmoja wa kukungojea chini ya kilima. Amin.