Korosho Iliyobaki Ukingoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia nikiwa dukani naacha kupima sukari, nakaa chini. Jana nimekusikia huko stoo ukimcheka mwenzako, mnacheza ule mchezo wa vita vya mezani, na siku hiyo ikanirudia nzima nzima. Basi sogea hapa, acha simu hiyo kidogo.

Nilikuwa kijana wa sekondari, tunakaa Mikindani, duka la baba chini na sisi juu. Mjomba wangu alikuja kututembelea kutoka Uingereza, akaniachia boksi la vijisanamu vya bati, kila kimoja urefu wa kidole gumba. Mchezo wenyewe ni wa Amerika ya zamani, wazungu walipokuwa wakiingia kwenye misitu ya wenyeji. Upande mmoja walowezi na askari wa makoti mekundu, upande mwingine wapiganaji wa msituni, wale waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu. Unatandika kitambaa cha kijani mezani, unasimamisha vijiti kuwa miti, unalaza utepe wa buluu kuwa mto, unajenga vibanda vya makuti kuwa kijiji. Kila mtu anasogeza watu wake kwa zamu, umbali unapimwa kwa rula, na ukitaka kupiga bunduki unarusha dadu.

Dadu zenyewe baba alizipiga marufuku, akisema kamari haiingii nyumbani kwake. Tukatumia simbi, vile vikombe vidogo vya baharini, tunahesabu zilizolala kifudifudi. Siku moja akapita, akatazama, akasema, "Lahaula! Kamari imetoka, imeingia ramli." Lakini akatuacha.

Mwenzangu wa kucheza alikuwa Hamisi. Tulisoma darasa moja. Alikuwa anaishi kwa mjomba wake, mkulima wa mihogo nje kidogo ya Mikindani, ila waliomlea tangu utoto walikuwa Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Alikuwa mkimya, lakini akiamua kukutania utashika mbavu. Boksi lilikuwa langu, kwa hiyo walowezi na bunduki nikajichukulia mimi, yeye nikampa watu wa msituni. "We Mhindi," akaniambia, "mbona Wahindi wenzako unanitupia mimi?" Tulicheka mpaka Dadi akatufokea. Dadi ni bibi yangu, mama yake baba. Alikuwa akikaa mle stoo ya duka tulimochezea, mchana kutwa anachambua mchele na kutusikiliza.

Sheria ilisema walowezi wanashinda wakichoma vibanda vyote, na watu wa msituni wanashinda wakivilinda. Kwenye boksi hakukuwa na mwanamke wala mtoto. Hamisi akaleta korosho za maganda mfukoni, akazipanga kati ya vibanda.

"Hawa ndio wanakijiji," akasema.

"Hao hawamo kwenye sheria."

"Najua. We cheza tu."

Na kila tukicheza, Hamisi anafanya lile lile. Halindi vibanda. Wapiganaji wake nusu wananizuia, nusu wanasindikiza korosho kuvuka mto, na mimi huku nachoma kijiji nitakavyo. Nashinda. Kila mara nashinda! Yeye anatazama ng'ambo ya ule utepe, anasema taratibu, "Wangu wamevuka." Nami namkejeli, "Umevusha korosho, bwana, vita umeshindwa. Huna akili ya vita wewe." Nikaenda kumtangaza shuleni, wakamwita Mvushaji. Alikuwa anacheka nao.

Siku hiyo ninayokwambia, baada ya alasiri, vijana wenzetu wamejaa stoo kutazama, kichwa changu kimevimba hasa. Kibanda cha mwisho nimekichoma, mchezo umekwisha. Korosho za Hamisi ziko ng'ambo, imebaki moja tu ukingoni.

"Ngoja nimvushe huyu, kisha tukunje," akasema.

Ombi dogo kabisa, mwanangu. Lingenigharimu nini? Lakini watu wanatazama, na nina askari mmoja amesimama karibu. Nikasema zamu yangu bado haijaisha. Nikarusha simbi, zikalala vizuri. Nikaigonga ile korosho kwa rula, ikaangukia kwenye utepe. "Kwisha huyo!" Stoo nzima ikaangua kicheko.

Hamisi hakucheka. Aliiokota ile korosho, akaifuta kwa shati lake, akaitia mfukoni. Akasema, "Haya, asante kwa mchezo." Akamuaga Dadi kwa adabu kama siku zote, akatoka. Zile nyingine aliziacha pale mezani.

Wenzetu walipotawanyika, Dadi akaniita. Hakupandisha sauti.

"Ulikuwa umeshashinda?"

"Ndiyo, Dadi."

"Sasa yule wa mwisho ulimpigia nini?"

Nikamwambia ni mchezo tu, ni korosho. Ndipo akanisimulia. Hamisi alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma wakati kule kuna vita. Kijiji chao kilichomwa akiwa mtoto mdogo. Watu wakavushwa kwa mitumbwi, yeye akiwa mgongoni kwa shangazi yake, na mama yake akabaki ukingoni kuungoja mtumbwi urudi. Uliporudi haukumkuta.

"Siku zote hizi," Dadi akasema, "hapo mezani kwako yule kijana anamvusha mama yake. Leo umempiga risasi mbele ya watu."

Nikatafuta pa kujitetea, nikauliza swali la kijinga, "Mbona mimi hakuniambia?"

"Mimi nilimuuliza," akajibu, akarudi kwenye mchele wake.

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba wake kuomba radhi. Hamisi alinikaribisha vizuri, akanipa muhogo wa kuchemsha. "Usijali, ni mchezo tu," akasema. Maneno yangu mwenyewe hayo. Stoo yetu hakuikanyaga tena, na mtihani ulipokwisha akarudi Kitaya.

Miaka mingi baadaye tulikutana hapa Mtwara mjini. Tukakumbatiana, tukaulizana habari za watoto, tukalalamikia bei ya korosho. Lakini lile "we Mhindi" halikutoka mdomoni mwake. Aliniita Bwana Yusufu tangu mwanzo mpaka mwisho, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Swali lilikuwa kwenye ulimi wangu: mama yako alikuwa anaitwa nani, Hamisi? Aibu ikanifunga. Nikasema moyoni nitamuuliza akija tena. Hakuja tena, zikaja habari za msiba wake. Nilikwenda Kitaya kuwapa pole watoto wake. Yule shangazi aliyemvusha mgongoni alishatangulia mbele ya haki, na wao jina la bibi yao hawakuwahi kuambiwa.

Sasa umejua kwa nini kwenye meza yangu kila anayevushwa mto anahesabiwa ushindi. Mlidhani ni sheria ya kwenye boksi. Niliiongeza mimi, na yule iliyemfaa hakuikuta.

Nakuusia, mwanangu. Ukishashinda, shusha mkono. Mwenzako akikuomba kidogo mwishoni, mpe, hata kama watu wanatazama. Hasa kama wanatazama. Na ukimwona anacheza kwa namna usiyoielewa, usikimbilie kumcheka. Muulize. Muulize mkiwa wawili, wakati bado anakuja kwako. Kwa hiyo leo nenda kwa huyo uliyemcheka jana, usingoje arudi mwenyewe.

Mungu akupe ushindi usioacha mtu na kidonda, akujaalie marafiki wanaorudi kesho na keshokutwa, na akikupa mdomo wa kuuliza akuondolee aibu. Nami ukiniombea, ongeza na mtu mmoja. Kila baada ya swala namwombea, na jina lake sina. Nasema hivyo hivyo tu: mama yake Hamisi.