Picha ya Mbwa wa Mshonaji

Mbwa mweusi hapigiki picha. Nasema hivyo mimi niliyepiga maharusi, mahujaji na timu za mpira, na wote wakatoka na sura zao. Studio yangu ilikuwa chumba cha mbele nyumbani kwa mama, Likoni, na mwaka ule wa mwisho kabla ya Uhuru wengi walikuja kutaka picha za kuagana. Ndipo akaja mshonaji wa Kigoa, mjane aliyetushonea nguo mtaa mzima. Mwanawe alikuwa amemwita Uingereza, na mbwa wake angebaki kwa jirani. Alitaka picha ya mbwa huyo ya kuondoka nayo.

"Nataka ya rangi," akaniambia. "Lakini rangi yake mwenyewe, baba, siyo ile unayowapaka maharusi."

Rangi wakati ule tuliipaka kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe, kwa pamba iliyozungushwa kijitini. Mashavu ya waridi, midomo myekundu, mteja anaondoka anatabasamu. Nikadhani mbwa ni kazi ya asubuhi moja.

Nilimpiga uani kwake, jua la utosi, nyuma yake mlango wa kijani kilichokoza ambao kwenye filamu ulitoka mweusi kama yeye. Nikapata doa lenye masikio. Nikalipaka hudhurungi, na ulimi nikautia wekundu wangu wa kawaida. Mshonaji alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaacha.

"Huyu amepaka rangi ya mdomo," akasema. "Na macho yako wapi? Mbwa huyu hunitazama kutwa nikishona. Nitakwendaje bila macho yake?"

Nikarudi asubuhi, jua likiwa bado chini, nikatundika shuka jeupe ukutani. Shuka likatoka zuri ajabu, kila mkunjo unaonekana. Mbwa akatoka kama shimo jeusi. Nilitamani kuitupa kamera baharini. Mshonaji mwenyewe ndiye aliyelitoa shuka na kutundika kitambaa cha rangi ya majivu, na kweli mgongo wa mbwa ukaanza kuonekana. Macho bado.

Tatizo lilikuwa mimi. Sisi tuliosoma chuo cha Kurani tunajua mate ya mbwa ni nini: yakigusa nguo, huswali nayo mpaka uioshe kwa maji na udongo. Kwa hiyo nilikuwa nikimpiga nikiwa wima, tena kwa mbali, na mbwa akatoka kichwa kikubwa na miguu ya bata, macho yamefichwa na paji la uso.

"Shuka chini, umtazame sawasawa," akasema mshonaji.

"Na nguo zangu, mama?"

"Nguo nitakushonea nyingine."

Nilikasirika, wallahi. Nikalala kifudifudi mchangani, yeye akasimama nyuma yangu akimwita mbwa wake kwa jina. Mbwa akainua uso, nikabonyeza. Kisha akanijia mbio akanilamba sikio, shingo na kola ya shati.

Mama alinisimamisha mlangoni. "Hapo hapo! Huingii humu na najisi hiyo!" Nikajiosha nje kwa udongo, majirani wakinicheka, nami nikimlaani mbwa, mwenye mbwa na kamera.

Lakini picha ilitoka. Mgongoni nikapitisha buluu nyepesi kabisa, ubavuni palipopigwa na jua nikagusa hudhurungi, na machoni nikaweka tone la rangi ya asali, basi. Hata ukihamia upande wa pili wa chumba, mbwa alikutazama. Nilijisikia fundi kweli.

Mshonaji aliishika muda mrefu. "Ndiye," akasema. Kisha akairudisha mezani.

"Siwezi kusafiri naye hivi. Ananiuliza ninakwenda wapi. Mfumbe macho, baba. Awe amesinzia."

Nikabishana naye. Nikamweleza habari ya jua, ya kitambaa, ya mchanga, ya udongo na mama yangu mlangoni. Nikamwambia macho hayo aliyataka mwenyewe. Hakubishana. Alirudia neno lile lile, awe amesinzia, na mkono wake umeufunika uso wa mbwa pichani.

Nikakoroga rangi nyeusi, nikachukua brashi nyembamba kuliko zote, nikamfumba jicho moja, halafu la pili, huku nimefura kwa hasira na machozi yananizuia kuona vizuri.