Samaki Hana Shingo

"Kwa nini nyumbani kwenu hamli samaki?"

Maalim aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya meza ya duka lake, mtaa wa Biashara, mikono ikikunja vikoi bila hata kuvitazama. Mimi, niliyekwisha kuwahoji wachungaji, wahadhiri na mama yangu mzazi juu ya kila jambo, kuanzia kuumbwa kwa dunia hadi sababu ya firigisi kuwa ya wanaume, nilipandisha mabega. Nilisema, "Hatuli tu."

"Hamli tu," akarudia. "Na chuo kikuu unasoma nini, mwanangu?"

"Falsafa."

Binti yake, aliyekuwa rafiki yangu wa darasani, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza ili acheke vizuri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nasi tulikuwa mwaka wa pili. Maalim aliuza vikoi na kofia mchana, na jioni alisomesha watoto Kurani katika chumba cha juu ya duka. Sasa alikuwa amechoka na baridi ya Nairobi. Alitaka kulifunga duka na kurudi Mombasa na mkewe kabla ya Ramadhani. Swali lilikuwa binti. Kumwacha peke yake katika mabweni ya chuo hakutaka hata kusikia. Hawakuwa na ndugu Nairobi. Ama ipatikane nyumba ya watu wa heshima, ama binti arudi pwani na masomo yaishie hapo.

Nyumba ya watu wa heshima niliyoijua mimi ilikuwa yetu, kule Karen inapopakana na Dagoretti. Kwetu tulizaliwa wasichana watupu, chumba kilikuwepo, na basi la kwenda mjini lilipita karibu na lango. Tatizo ni kwamba tulikuwa Wakristo wa kanisa kila Jumapili, na Maalim alitaka kujua binti yake atalishwa nini na nani. Katika kumsifia nyumba yetu ndipo nilipotaja kwamba nyuma ya zizi tuna bwawa, limejaa samaki tusiowala, walioachwa na mzungu aliyetuuzia shamba. Uso wa Maalim ulibadilika. Alizaliwa kisiwani, na Nairobi alikuwa akila samaki wa barafu wasio na macho.

"Nitakuja," akasema. "Nione watu, nione na samaki."

Basi tukaandaa siku ya kuvua. Nasema tukaandaa, ingawa aliyeitwaa yote ni mjomba wangu. Mjomba aliwahi kumfanyia kazi yule mzungu, na Jumamosi alikuwa akiwaongoza wageni wake kuzunguka bwawa na fimbo zao za kuvulia. Tangu mzungu aondoke hakuna aliyemwomba aongoze chochote. Nilipomwambia kuna mgeni anakuja kuvua, alivaa kofia ya kaki iliyoachwa na tajiri wake na hakuivua siku mbili.

Maalim na rafiki yangu walifika asubuhi, umande haujakauka. Maalim alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Mjomba alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasahau salamu.

"Hiyo nguo hapana, Mzee. Samaki ikiona hiyo nguo itakimbia mpaka Naivasha."

"Itatokaje bwawani?" nikauliza.

"Wewe msomi, nyamaza."

Maalim aliletewa koti la mvua la baba yangu, la kijani, refu, lenye harufu ya ng'ombe, na buti za mpira. Alivivaa, kanzu ikafichika. Rafiki yangu alinibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Baba yangu alikuja kumwamkia mgeni, akamsindikiza hadi bwawani, kisha akasema ana shughuli kidogo na kurudi nyumbani haraka. Niliona anatabasamu peke yake. Baba hakuwa mtu wa kutabasamu peke yake, na ningepaswa kushuku.

Mjomba alitupa sheria zake. Tusiongee. Tusitupe kivuli majini. Tusikanyage kwa kisigino. Samaki tunayemtafuta, alisema, ni yule wa rangi ya majani mabichi, ambaye wazungu walimleta kutoka Amerika, na ambaye nusu ya mwili wake ni mdomo. Mjomba alimwita Mdomo. Mdomo hujificha chini ya mayungiyungi, anangoja chura mjinga. Kwa hiyo sisi tutamletea chura wa uongo, wa mpira, mwenye ndoana mbili tumboni.

"Na kelele hapana," akanong'ona. "Samaki iko na masikio."

"Masikio yako wapi, bwana?" akauliza Maalim.

"Ndani."

Nilimwona Maalim akiutafakari mdomo wa Mjomba kama anayetaka kujua kama na huyu ni wa Amerika.

Mjomba alimpa fimbo ndefu yenye gurudumu la kukunjia uzi, akamwonyesha namna ya kuirusha. Maalim aliirusha mara moja, na chura wa mpira akaenda kukaa juu ya mti wa mgunga. Mjomba akapanda kumtoa, buti zikining'inia, huku akitusihi tusicheke kwa sauti. Aliposhuka, Maalim alikuwa ameiegemeza fimbo kwenye ua wa zizi. Alikuwa amemtuma rafiki yangu kwenye mfuko wa Mjomba amletee uzi mtupu na ndoana moja, akachimbua mnyoo kwa ncha ya buti, akauzungusha uzi kwenye kidole cha shahada na kuchuchumaa ukingoni, kivuli chake chote kikiwa majini.

"Mzee, hivyo hapana! Hivyo ni ya bahari!"

"Maji ni maji."

"Hapa hakuna maji ya chumvi, ni samaki ya sukari. Iko na akili nyingine."

Maalim akaulegeza uzi kidogo. Kidole chake kikatikisika. Akavuta taratibu, mkono juu ya mkono, na kilichotoka kilikuwa Mdomo mwenyewe, mnene, wa kijani, amekasirika, mdomo wazi kama mtu aliyekatizwa katikati ya hotuba.

"Huyo amejileta," akasema Mjomba. "Huyo alikuwa mgonjwa."

Hadi jua lilipopanda, Maalim alikuwa amepata wagonjwa wanne. Mjomba alipata perege mmoja wa ukubwa wa kiganja, akasema wazungu ndio walikuwa wakipenda wa namna hiyo. Mimi nilishika fimbo kwa muda nikauliza maswali. Je, samaki husikia maumivu? Kama haumii, mbona anapigana hivyo? Maalim akasema wanafalsafa wangevua zaidi kama wangefunga midomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo yeye na Mjomba wakakubaliana.

Nilianza kuamini kwamba mambo yanakwenda vizuri. Kisha nikasikia kengele ya baiskeli.

Baba alikuwa akishuka mteremko, amevaa koti lake la kanisani, na nyuma yake mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma akisukuma baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma palifungwa kitu kirefu kilichoviringishwa kwa gunia.

Inafaa nieleze jambo ambalo jirani yeyote wa Dagoretti analijua. Ukiwa na sherehe na una wageni Waislamu, hata mmoja, huchinji mwenyewe. Unamwita Mwislamu achinje, ili kila mtu ale kwa amani. Baba alifanya hivyo kila harusi, na alijivuna kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulala njaa kwake. Usiku kucha alikuwa ameliwaza jambo hili. Hakuniuliza mimi, maana alitaka nami nishangae. Alikuwa amekwenda hadi kichinjioni alfajiri, akapatana na mtu aje baadaye.

"Mwalimu," akamwambia Maalim, kifua mbele, "hapa kwangu mtoto wako hatapata shida ya chakula. Hata leo nimeleta mtu wenu. Atachinja hizo samaki vile dini inataka."

Mtu wa baiskeli aligeuka taratibu akamtazama baba. Ni wazi hakuwa ameambiwa atakuja kuchinja nini. Kwa heshima ya aliyemwita alilifungua gunia, akatoa kisu chake kirefu kilichong'aa, akachutama kando ya beseni. Wale Mdomo wanne walimtazama. Akamwinua mmoja, akampindua, akamgusa chini ya taya kwa kidole gumba, akampindua tena.

"Mzee," akasema kwa huzuni, "hii haina shingo."

Rafiki yangu alikaa chini kwenye majani na kujifunika uso kwa buibui. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Mjomba, ambaye kwa mujibu wake alijua kila kitu cha samaki, alisema, "Shingo iko. Iko ndani."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama baba. Alikuwa ameanza kuelewa, kwa jinsi watu walivyotazamana, kwamba amefanya kitu cha kijinga mbele ya mgeni, ila hakujua ni kipi. Niliona chuo kikuu cha rafiki yangu kikiondoka na treni. Nani angemwacha binti yake kwa watu wasiojua hata samaki anakufaje?

Maalim alisimama. Alivua lile koti la ng'ombe, akalikunja kama kikoi cha kuuzwa.

"Bwana," akamwambia baba, na sauti yake haikuwa na kicheko hata chembe, "samaki hahitaji kisu. Akishatoka majini yatosha. Lakini wewe ulikwenda umtafute mtu huyu saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kwa miguu?"

"Gari ilikataa kuwaka."

Maalim akatikisa kichwa. Kisha akamgeukia mchinjaji. "Na wewe hukuja bure. Bila shaka mwenye nyumba ana jogoo."

Baba alikuwa nao watatu. Alikimbia mwenyewe kumkamata mmoja, na hicho kisu kikapata shingo.

Lakini Maalim hakuwa amemaliza. Tulipoketi kula chini ya mti wa plamu, jogoo upande huu, samaki upande ule, alimsogezea baba sahani ya Mdomo aliyekaangwa na rafiki yangu katika kikaango ambacho mama alikitoa kwa ncha za vidole na ambacho hakikurudi jikoni tena.

"Mimi nitakula jogoo wako. Wewe utakula nilichovua?"

Mama alishika mdomo. Mjomba, mtaalamu wa samaki, ambaye hajawahi kumwonja hata mmoja, alisogeza kiti nyuma. Baba alikitazama kile kipande kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa akiitazama Biblia. Akafumba macho. Akakitia kinywani. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, akatafuna, akatafuna, na sisi sote tukatafuna naye bila chochote mdomoni.

"Kuna miiba," rafiki yangu akamwonya.

"Nimeziona," baba akasema kwa shida, akameza. Akanyoosha mkono, akachukua kipande kingine.

Maalim alimaliza paja la kuku bila haraka. Akanawa, akajifuta, akamwambia baba kwamba binti yake huamka mapema kuswali, kwa hiyo mbwa wafungwe upande wa pili wa nyumba. Rafiki yangu aliinuka akaenda nyuma ya zizi, na nilipomfuata nilimkuta anarukaruka kwenye matope na viatu vyake vizuri.

Alikaa kwetu hadi tukahitimu. Wazazi wake tuliwasindikiza stesheni kabla ya mwezi kuandama, na Maalim alimpungia baba mkono dirishani mpaka treni ikapinda.

Ilipita zaidi ya miaka ishirini, Maalim ameshazikwa, ndipo mamake rafiki yangu aliponieleza, tukiwa tunachambua mchele, kwamba mumewe alikuja kwetu siku ile ili akatae kwa adabu. Siku moja kabla ya kuja alikuwa amekwisha kununua tiketi tatu za vitanda vya treni. Kile kitanda cha tatu walikilipia hadi Mombasa, wakakiwekea vikapu.