Mtoto Aliyeogopewa Baridi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkunga mkuu wa hospitali ya mgodi alinikabidhi kipimajoto kabla hata sijavua koti. Akaniambia mtoto mchanga huuawa na baridi upesi. Kisha kampuni ya mgodi ikaanguka. Mishahara ikakatika, umeme pia, na couveuse, yale masanduku ya kuwapa joto watoto njiti, zikabaki makabati tu. Tukawafundisha akina mama kuwafunika watoto blanketi juu ya blanketi, na chupa za maji ya moto ubavuni. Wengine tuliwazika hata hivyo. Nilichoka kabla ya kuzeeka.

Baadaye nilipata kazi kwenye kliniki moja mtaa wa Golf. Huko nilimpokea Béatrice, aliyepandikizwa ng'ambo kiinitete kilichogandishwa, yaani mimba changa iliyotungwa maabara, ikahifadhiwa kwenye baridi kali, kisha ikayeyushwa. Daktari mkurugenzi, mtu mkali, alituonya kwamba watoto hao mara nyingine huzaliwa wakubwa, basi tuchunge sukari ya mtoto na presha ya mama.

Mtoto alizaliwa mnene, sauti anayo. Nikamwacha na bibi yake, Mama Ngoie wa Kamalondo, mjane wa fundi wa reli ya mgodi. Niliporudi nilimkuta mtoto amezongwa blanketi, chupa za moto kila upande, mwekundu, amelegea, hanyonyi. Niliogopa sana.

"Alitokaka mu frigo, Mama," bibi akaniambia, akimaanisha friji ya maabara. "Baridi iko mu mifupa yake. Mulitufundishaka hivi wakati kampuni ilianguka."

Ningemkasirikia vipi? Nilimfunua mtoto, nikafungua dirisha, nikampima. Sukari ilikuwa imeshuka. Nikamwomba daktari sérum, maji ya sukari ya mshipani.

"Itayarishe," daktari akasema, "lakini mutie kwanza ku maziba ya mama yake."

Mtoto alinyonya ziwa la mama yake kwa uvivu, halafu kwa nguvu. Sukari ikapanda. Nikakaa sakafuni nikalia mbele ya mkubwa wangu.

Sasa nimestaafu, niko Kampemba, magoti yamegoma. Wakunga vijana huniuliza kama watoto wa viinitete vilivyogandishwa ni wazima. Huwajibu: wengi ni wazima, wachungeni tu. Ila siku Béatrice alipotoka kliniki, mama yake, Mama Ngoie, alinivuta pembeni. Alikuwa amesikia kwamba kiinitete kingine kimebaki ng'ambo.

"Na ule mwenye alibakia mu frigo," akauliza, "nani iko anamufunika?"

Nilimshika mkono, nikamsindikiza hadi langoni.